Ngumi Zenye Kanuni: Kazi ya Kocha Fernand Lopez na Somo Lake kwa Vijana wa Mpakani

Hotuba ya dawati la uhusiano wa polisi na jamii mbele ya makocha, wazazi na vijana wa vilabu vya michezo



Tumeombwa tuzungumze juu ya michezo ya mapigano na nafasi yake katika malezi ya vijana. Sababu ya ombi hilo kila mmoja wetu anaijua. Jioni zinapoingia, nyuma ya maduka na kando ya maegesho ya malori, vijana hukusanyika, hutundika gunia la mchanga mtini na kuanza mazoezi. Wameyaona kwenye simu mapambano ya Marekani na Ulaya, nao wanayaiga. Baadhi ya wazazi wamefurahi kuona kijana ametulia na ameacha pombe. Wengine wametujia kituoni na swali zito: je, huyu anayewafundisha watoto wetu kupiga anatulelea wanamichezo au anatulelea genge?

Swali hilo ni la haki, wala halijibiki kwa neno moja. Tumeona tulijibu kwa kusimulia kazi ya mtu mmoja, Fernand Lopez, mzaliwa wa Kameruni, mmoja wa makocha waliotangulia kuujenga mchezo wa mapigano mseto nchini Ufaransa. Tumemchagua kwa sababu tatu. Yeye ni Mwafrika aliyefanikiwa ugenini. Alifundisha mchezo ambao sheria ya nchi aliyoishi ilikuwa bado haijaukubali. Na mwanafunzi wake maarufu kuliko wote alimfikia akiwa amevuka mipaka ya nchi nyingi bila hati, bila fedha na bila pa kulala. Mambo hayo matatu, yaani ugeni, sheria na mpaka, ni mambo ambayo sisi wa hapa tunaishi nayo kila siku.

Mchezo wenyewe ni upi

Kwanza tuueleze mchezo, maana wazee wengine wameusikia jina tu. Mapigano mseto, ambayo vijana huyaita MMA, huunganisha ngumi, mateke, mieleka, judo na jiujitsu katika pambano moja. Mpiganaji hushinda kwa kumwangusha mwenzake kwa pigo, au kwa kumkaba na kumfunga kiungo mpaka agonge kwa mkono kuonyesha kwamba amekubali kushindwa, au kwa alama za majaji.

Shindano la kwanza la kampuni ya UFC lilifanyika Denver, Marekani, mnamo Novemba 1993. Wakati huo kanuni zilikuwa chache mno. Hapakuwa na madaraja ya uzito, hata katika miaka hiyo ya mwanzo mtu wa kilo 90 aliwahi kukutanishwa na mwenye zaidi ya kilo 200. Seneta John McCain aliyafananisha mashindano hayo na mapigano ya majogoo, akawaandikia magavana wa majimbo yote 50 ya Marekani akiwaomba wayapige marufuku. Majimbo mengi yaliitikia, na mchezo ukakaribia kufa.

Uliokolewa na kanuni. Mwaka 2000 wasimamizi wa michezo wa jimbo la New Jersey waliweka kanuni ambazo baadaye zilienea mahali pengi. Wapiganaji wakatakiwa kuvaa glavu na kupangwa kwa uzito. Raundi zikawa za dakika 5, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa pambano la ubingwa. Ikakatazwa kutia vidole machoni, kung'ata, kupiga kisogoni, kupiga sehemu za siri, na kumpiga teke la kichwa mtu aliyekwisha kuanguka. Mwamuzi akapewa mamlaka ya kusimamisha pambano wakati wowote, na daktari akawa karibu.

Tunalitaja hili mapema kwa sababu ndilo litakalotuongoza katika mazungumzo yote ya leo. Ngumi inayopigwa ulingoni na ngumi inayopigwa nyuma ya kilabu cha pombe zaweza kuwa na nguvu ileile. Ile ya ulingoni ina mwamuzi, ina daktari, ina uzito uliolinganishwa, ina muda wa kuanza na wa kuacha, na ina ridhaa ya wote wawili. Ile ya pili haina hata kimoja, na mara nyingi huishia hospitalini, mahakamani au makaburini.

Kocha katika nchi iliyoukataa mchezo

Sasa twende Ufaransa. Mwaka 1999 Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya ilizishauri nchi wanachama kuyapiga marufuku mapigano ya aina hii. Ufaransa ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshikilia msimamo huo kwa muda mrefu. Kumpiga mtu aliyelala chini kulihesabiwa kuwa ni kinyume cha utu, na uzio ulioonekana kama kizimba cha wanyama uliwaudhi watu wengi. Viongozi wa judo, mchezo wenye wafuasi wengi sana katika nchi hiyo, walikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa. Kanuni za serikali za mwaka 2016 zilirudia makatazo hayo: mashindano yafanyike juu ya zulia au katika ulingo wa kamba, pasipo mapigo ya viwiko na pasipo kumpiga aliye chini.

Mazoezi yenyewe hayakukatazwa. Kijana aliweza kujifunza mchezo mzima katika ukumbi wake jijini Paris, ila hakuweza kuucheza kwa kanuni zake kamili mbele ya watazamaji wa nchi yake. Ilimpasa avuke mpaka. Ninyi wakazi wa mpakani mnaielewa hali hiyo kuliko wengine: jambo moja huweza kuwa halali ng'ambo ya daraja, na upande huu likawa kosa.

Katika mazingira hayo Fernand Lopez, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mpiganaji, alijitoa kwa kazi ya ukocha na kukijenga kituo cha mazoezi kiitwacho MMA Factory jijini Paris. Kocha anayebanwa na sheria ana njia tatu. Aweza kuiacha kazi. Aweza kuifanya kwa kificho, katika maghala, usiku, pasipo daktari wala mwamuzi, kwa faida ya wacheza kamari. Au aweza kuifanya hadharani, ndani ya kile kinachoruhusiwa, huku akiendelea kuitetea mbele ya wakubwa mpaka nao wabadili fikra. Lopez alifuata njia hiyo ya tatu. Alifundisha mlango ukiwa wazi, aliwapeleka wapiganaji wake kushindana kule ambako mashindano yalikuwa halali, na aliutetea mchezo wake hadharani.

Njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Mpiganaji mmoja wa Lopez, Ciryl Gane, Mfaransa wa uzito wa juu aliyekuja kutoka katika ndondi za Kithai, alipoanza mapigano mseto mwaka 2018 alikwenda kuanzia Kanada, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lakini kocha aliyepita njia hiyo hubaki na kitu ambacho wa mafichoni hawezi kuwa nacho: siku sheria inapolegezwa, jina lake ni safi na wanafunzi wake wanajulikana.

Mgeni aliyegonga mlango

Miongoni mwa waliofika katika ukumbi huo alikuwamo kijana aitwaye Francis Ngannou. Alizaliwa mwaka 1986 katika kijiji cha Batié, magharibi mwa Kameruni. Wazazi wake walitengana akiwa na umri wa miaka sita. Umaskini ulimpeleka kufanya kazi katika machimbo ya mchanga angali mtoto. Magenge ya kijijini yalimtaka ajiunge nayo, maana mwili wake ulikuwa mkubwa na wenye nguvu. Alikataa. Baba yake alijulikana kwa ugomvi wa mitaani, na kijana akaazimia kwamba nguvu aliyoirithi ataitumia kwa namna nyingine. Akiwa na umri wa miaka 22 akaanza kujifunza ndondi.

Wazazi wenzetu, tunawaomba msimame kidogo hapa. Kabla ya kocha yeyote, kabla ya Ulaya, kijana huyu alikuwa amekwisha kukataa genge. Lakini kukataa peke yake hakutoshi ikiwa hakuna mahali pengine pa kwenda. Kijana anayeliacha genge na kurudi nyumbani kukaa bure, atafuatwa tena kesho. Hapa kwetu atafuatwa na mwenye shehena ya magendo anayetafuta wabebaji wa njia za panya, au na mtu anayekodi misuli ya vijana wakati wa kampeni, kwa fedha ya siku moja.

Mwaka 2012 Ngannou aliondoka kwao akitafuta nafasi ya kuwa mwanandondi. Alipita Nigeria, Niger, jangwa la Sahara, Algeria na Moroko. Alijaribu mara kadhaa kuvuka kuingia Hispania, akakamatwa, akarudi, akajaribu tena. Mwaka 2013 alipofaulu kuingia, alifungwa miezi miwili kwa kosa la kuvuka mpaka kinyume cha sheria. Alipoachiliwa alikwenda Paris, asiye na fedha wala rafiki, akalala nje.

Hatuisimulii safari hiyo ili iigwe. Huyu mmoja alifika na jina lake tunalijua. Jangwani na katika bahari ya Mediterania wamebaki maelfu ambao hata makaburi yao hayajulikani, na wengi wao walikuwa na miguu na mikono yenye afya kama ya kwake. Hata sasa wapo watu wanaozungukia miji ya mpakani wakiwaahidi vijana majaribio ya soka au ngumi Ulaya na katika nchi za Ghuba. Wakala wa kweli hutoa mkataba unaosomeka, jina la klabu linaloweza kuthibitishwa, na safari yenye pasipoti na viza. Anayemtaka kijana asafiri usiku, asiage nyumbani na amkabidhi kitambulisho chake, huyo ni msafirishaji haramu wa binadamu. Mkimwona, mtuarifu sisi au wenzetu wa upande wa pili kabla kijana hajaondoka.

Mjini Paris Ngannou alikutana na mkufunzi wa ndondi, Didier Carmont, ambaye alimshauri ajaribu mapigano mseto. Hivyo akafika kwa Lopez. Lopez alimpa vifaa vya mazoezi, akamruhusu ajifunze bila malipo na alale ukumbini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule aliyelala juu ya mazulia ya ukumbi ndiye baadaye aliyelifanya jina la ukumbi huo lijulikane duniani.

Mkono wa kocha

Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye nguvu kama Ngannou hahitaji kufundishwa. Matokeo yake ya mwanzo yanaonyesha vingine. Mwezi Novemba 2013, miezi michache tu baada ya kufika Paris, alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza katika mapigano mseto. Mwanandondi huyu, ambaye ndoto yake ilikuwa ngumi, alishinda kwa kuufunga mkono wa mpinzani mpaka akasalimu amri. Hiyo ni mbinu ya jiujitsu, ambayo mtu hazaliwi nayo. Mwezi uliofuata alipigana tena, akashindwa kwa alama. Akarudi mazoezini. Baada ya hapo alishinda mfululizo mpaka mwaka 2015 alipopokewa na UFC, na mwezi Desemba mwaka huohuo akashinda pambano lake la kwanza huko.

Kazi ya kocha wa mchezo huu ina sehemu ambayo watazamaji hawaioni. Ni yeye anayeamua nani afanye mazoezi na nani, ili mzito asimvunje mwepesi. Ni yeye anayemzuia aliyepigwa kichwani asirudi ulingoni kabla ya kupona, hata kama kijana mwenyewe anasisitiza kwamba yu mzima. Ni yeye anayepaswa kusema «basi» pale ambapo fahari ya mpiganaji inasema «endelea». Na ni yeye anayemfundisha kuacha mara tu mwenzake anapogonga. Mwanafunzi hulirudia tendo hilo la kuacha maelfu ya mara mpaka linakuwa tabia. Kijana aliyelijua vyema hujua kwamba mshindani aliyesalimu amri haguswi tena. Sisi ambao kazi yetu ni kushughulikia ugomvi tunajua thamani ya somo hilo, kwa sababu watu wengi walioko magerezani kwa kujeruhi au kuua waliendelea kupiga baada ya ugomvi kwisha.

Kushindwa nako kuna somo lake. Mnamo Januari 2018, mjini Boston, Ngannou alipigania ubingwa wa uzito wa juu dhidi ya Stipe Miocic. Alianza kwa nguvu nyingi, pumzi ikamwishia, na majaji wote watatu wakampa Miocic raundi zote tano. Miezi sita baadaye akashindwa tena na Derrick Lewis katika pambano ambalo wote wawili waliogopa kushambulia. Mtu aliyekuwa akitajwa kuwa bingwa ajaye akaonekana kama aliyekwisha. Lakini mwezi Machi 2021 alikutana tena na Miocic, akamwangusha katika raundi ya pili, na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuushika ubingwa wa uzito wa juu wa UFC. Tofauti ya usiku ule wa Boston na ule wa 2021 ilikuwa subira. Mara hii alingoja nafasi yake.

Mwalimu na mwanafunzi kwenye kona mbili

Ushindi huo haukupatikana chini ya Lopez. Baada ya vipigo vya mwaka 2018, Ngannou alihamia Las Vegas na kufundishwa na Eric Nicksick katika ukumbi wa Xtreme Couture. Kuachana kwao kulileta maneno makali hadharani kutoka pande zote mbili, nasi si waamuzi wa ugomvi huo. Tunachotaka mkione ni jinsi ulivyomalizikia.

Lopez alikuwa amemlea mpiganaji mwingine wa uzito wa juu, yule Ciryl Gane tuliyemtaja. Mwezi Agosti 2021, miaka mitatu tu tangu aanze mchezo, Gane alishinda mkanda wa ubingwa wa muda. Ikawa lazima mabingwa hao wawili wakutane. Tarehe 22 Januari 2022, mjini Anaheim, California, Ngannou alisimama kona moja na Lopez akasimama kona ya pili akimwongoza Gane. Gane aliongoza mwanzoni. Kisha Ngannou, ambaye dunia nzima ilimjua kwa ngumi tu, akaanza kumshika mpinzani na kumwangusha chini kwa mieleka. Baada ya raundi tano majaji wote walimpa ushindi: wawili kwa alama 48 kwa 47, na mmoja kwa 49 kwa 46.

Fikirini ugomvi wa namna hiyo ungekuwaje katika mtaa usio na utaratibu. Mwalimu anaona ametupwa na mtu aliyempa pa kulala. Mwanafunzi anaona hakutendewa ipasavyo. Kila mmoja ana watu wenye nguvu nyuma yake. Hapa kwetu tumeona vikundi vikigawanyika kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na mapanga yakatoka. Wale wawili walikuwa na ukumbi, mkataba, mwamuzi na majaji, na uadui wao ukapita ndani ya dakika 25 zilizohesabiwa kwa saa. Aliyeshinda akaondoka na mkanda wake, na aliyeshindwa akarudi Paris kuendelea na kazi.

Makocha wetu, mtuwie radhi tukisema wazi: mwanafunzi si mali ya kocha. Akitaka kuhamia klabu ya jirani au ya ng'ambo ya mpaka, mpeni barua na mkono wa kheri. Klabu inayowatisha wanaotaka kuondoka imekwisha kupata tabia ya genge, hata kama ina glavu na jezi.

Sheria ilipofunguka

Mwaka 2020 Ufaransa iliutambua mchezo huu rasmi. Serikali haikufungua mlango ovyo. Iliuweka mchezo chini ya malezi ya shirikisho la ndondi, ambalo lilikuwa na uzoefu wa waamuzi, madaktari na leseni. Mashindano ya kwanza ya kanuni kamili yalifanyika mwishoni mwa mwaka huo. Tarehe 3 Septemba 2022 UFC ilifika Paris kwa mara ya kwanza, na pambano kuu la usiku huo alishinda Ciryl Gane, mwanafunzi wa Lopez, mbele ya watu wa nchi yake. Mpiganaji aliyevuka bahari ili aanze mchezo, alikuwa sasa anashangiliwa katika jiji lake.

Lopez hakuisahau Afrika. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha mashindano ya ARES, ambayo tukio lake la kwanza lilifanyika Dakar, Senegali, mwezi Desemba 2019, kabla ya Ufaransa yenyewe kuyaruhusu. Naye Ngannou alijenga ukumbi wa mazoezi kwao Batié, ili watoto wa kijiji chake wapate mahali pa kufanyia mazoezi pasipo kuvuka jangwa.

Yanayotuhusu sisi hapa

Waheshimiwa, tumetoka mbali, sasa turejee nyumbani. Tukirudi kwenye swali la wazazi, jibu letu ni hili: si kila kundi la vijana wanaojifunza kupigana ni genge, na si kila kundi linalojiita klabu ni klabu. Kinachotofautisha ni utaratibu unaoonekana. Kwa hiyo tunaliomba baraza lipokee mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, kila klabu iwe na daftari la majina ya wanachama, umri wao na mawasiliano ya wazazi au walezi, na kocha ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa ofisi ya michezo ya wilaya. Wenzetu wa upande wa Kenya wajitambulishe kwa chifu na kwa viongozi wa Nyumba Kumi. Klabu inayojulikana hulindwa. Ikisingiziwa, tutakuwa na mahali pa kuanzia kutafuta ukweli.

Pili, mafunzo yafanyike mahali pa wazi na saa zinazojulikana. Mzazi awe na ruhusa ya kufika na kutazama bila kutoa taarifa. Wasichana wanaojifunza wawe na usimamizi wa watu wazima wanaoaminika.

Tatu, watoto wasipigane na watu wazima, na wepesi wasipangwe na wazito. Aliyepoteza fahamu, hata kwa nukta chache, apelekwe kituo cha afya, na asipigane tena mpaka mganga aseme amepona. Hakuna kombe la kijiji linalolingana na ubongo wa mtoto.

Nne, ngumi za klabu zisikodishwe. Kocha anayewapeleka vijana wake kulinda shehena za magendo, kuwatisha wadeni au kufanya fujo za kisiasa, ameacha kuwa kocha. Na kijana anayemjeruhi mtu nje ya ulingo atajibu mbele ya sheria kama mtu mwingine yeyote. Haki ya kujilinda ipo, lakini inakoma pale hatari inapokoma.

Tano, mashindano ya pande mbili za mpaka yafanyike kwa uwazi. Mpaka huu unatutenganisha kwa hati, lakini koo zetu, lugha zetu na masoko yetu ni yale yale. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hakuna sababu ya timu ya michezo kupita njia za panya. Waandaaji watoe taarifa mapema kwa polisi wa pande zote mbili, na kila mchezaji mdogo awe na barua ya mzazi.

Sisi kwa upande wetu tutazitembelea klabu mara kwa mara, tukiwa tumevaa sare na tukiwa wazi juu ya lililotuleta. Mkituona tumekaa benchini tukitazama mazoezi, msikimbie. Mtuletee kiti, mtuambie mnakosa nini, na pale tunapoweza kuwa daraja kati yenu na ofisi za serikali, tutafanya hivyo.

Vijana, tumalizie na ninyi. Francis Ngannou alikuwa na nguvu tangu machimboni, lakini nguvu peke yake ilimfikisha jela ya Hispania na barabara za Paris. Iligeuka kuwa kazi pale ilipopata kocha, ukumbi, kanuni na saa. Hapa kwenu pia wapo watu wazima walio tayari kufundisha, na zipo ofisi zinazopaswa kuwasikiliza. Waendeeni mchana, mkiwa na majina yenu kamili, na mzungumze nao.

 Tuko tayari kupokea maswali.